Bata wa Januari

Nilikuwa na miaka tisa nilipokabidhiwa dungu langu la kwanza. Shamba letu lilikuwa katika uwanda wa Usangu, upande wa Mbarali, na mpunga ulipoanza kutia maziwa watoto wa kijiji tulihamia mashambani kuamia ndege. Mama alinipa debe bovu na fimbo ya kulipigia, teo la katani, na ncha ya kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu kuvuka majaruba. Kazi yangu ilikuwa moja: tangu alfajiri hadi jua kuzama, kweleakwelea wasitue.

Kwelea mmoja ni mdogo kuliko shomoro, na kwa siku hula kiasi cha gramu 10 tu za nafaka. Lakini kwelea haji peke yake. Huja kama moshi, kundi likijikunja na kujikunjua angani, na likitua asubuhi chache mfululizo familia hununua chakula mwaka mzima. Wiki ya kwanza debe langu lilitosha. Nikilipiga mara mbili, moshi ule ulipanda ukahama. Wiki ya pili walipanda kidogo tu, wakatua jaruba la jirani. Wiki ya tatu hata sanamu niliyoivika shati la babu ilikuwa imegeuka kituo chao: walitua mabegani mwake, wakapumzika, kisha wakaendelea kula.

Nililia. Mama akapanda dunguni, akakaa kimya muda mrefu akiwatazama ndege, kisha akaniambia: "Mwanangu, wamekuzoea. Umewafundisha wewe mwenyewe kwamba debe halina meno. Leo usilipige. Shuka, pita kwenye mfereji, watokee upande ambao hujawahi kuwatokea." Nikafanya hivyo. Siku ile kundi liliondoka na halikurudi mpaka kesho yake.

Somo lile nililisahau kwa miaka mingi. Lilinirudia mbali sana na Usangu, katika maji baridi ya Arkansas, Marekani, nikiwa mtu mzima mwenye bunduki mkononi, na walionirudishia walikuwa bata.

Nilifika Arkansas mwaka 2011, nikapata kazi ya kutengeneza mashine za kuvunia na pampu za maji katika mashamba ya mpunga ya Grand Prairie, karibu na mji wa Stuttgart. Jimbo hilo huzalisha karibu nusu ya mchele wote wa Marekani, kwa hiyo hata harufu ya mashamba ilinipokea kama mwenyeji. Kilichonishangaza ni jinsi watu wa kule wanavyoishi na ndege. Sisi tuliwaamia, wao wanawaalika. Mavuno yakiisha, wakulima wengi huziba mitaro na kuacha maji yafunike mabua, ili punje zilizopukutika ziwe chakula cha bata wanaoshuka kutoka kaskazini. Kila Novemba, wiki ya sikukuu ya Shukrani, mji wa Stuttgart hufanya mashindano ya dunia ya kuita bata kwa filimbi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1936, na mshindi wa kwanza alizawadiwa koti la uwindaji.

Bata anayetafutwa kuliko wote ni mallard. Dume lake lina kichwa cha kijani kinachometa kama hariri na pete nyeupe shingoni. Jike ni la kahawia, rangi ya nyasi kavu. Wengi wao huanguliwa katika nyanda za vidimbwi za Dakota mbili na za majimbo ya Kanada yanayopakana nazo. Maji ya huko yakianza kuganda, hushuka kwa kufuata bonde la mto Mississippi, na Arkansas ni miongoni mwa makao yao makuu ya majira ya baridi.

Aliyeniingiza katika uwindaji ni mzee mkulima ambaye pampu yake niliitengeneza usiku mmoja mto ulipokuwa unamfurikia. Alinifundisha sheria kabla ya kunishikisha bunduki. Nilihudhuria kozi ya usalama wa mwindaji, nikakata leseni ya jimbo, nikanunua stempu ya bata ya serikali kuu. Stempu hiyo ilianza mwaka 1934, bei yake sasa ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kununua na kulinda maeneo ya maji ambamo bata huishi. Mzee alinieleza kwamba tangu mwaka 1935 ni marufuku kumwaga nafaka ili kuwavuta bata, ni marufuku kutumia bata hai kuwaita wenzao, na bunduki haitakiwi kubeba zaidi ya risasi tatu. Alinieleza pia kwa nini marisau yetu ni ya chuma: tangu mwaka 1991 marisau ya madini ya risasi yamekatazwa nchi nzima kwa uwindaji wa ndege wa maji, kwa sababu bata waliyameza matopeni wakafa kwa sumu.

Msimu wangu wa kwanza ulinipa kiburi. Ulipofunguliwa Novemba, tulitandaza bata bandia dazeni nne mbele ya maficho yetu ya matete, tukawasha bata wa betri ambaye mabawa yake huzunguka yakimetameta, nikapuliza filimbi kwa nguvu zote za kifua changu. Bata walikuja kama wanaokuja nyumbani kwao. Wengi walikuwa vijana wa mwaka ule ule, hawajawahi kuona mwindaji. Kufikia saa mbili asubuhi tulikuwa tumetimiza idadi tuliyoruhusiwa. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimeijua kazi.

Kisha ikaja Januari ya msimu wa pili.

Nakumbuka asubuhi moja ya katikati ya mwezi ule. Sakitu ilikuwa imeyafunika mabua, upepo unatoka kaskazini, anga jeupe. Kundi la bata kama 20 lilitokea juu ya mstari wa miti. Nikapuliza. Wakageuka. Walizunguka mara ya kwanza juu sana, mara ya pili chini kidogo, na mara ya tatu nilisikia mabawa yao yakikata upepo. Nilishaanza kuinua bunduki. Ghafla mmoja wao akayumba pembeni, kama mtu aliyekanyaga kitu kigeni gizani, na kundi zima likapanda na kupotea. Nikapuliza kwa nguvu zaidi kuwabembeleza. Walizidi kupanda.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea mpaka saa nne. Makundi sita yalikuja, makundi sita yakatukagua, na makundi yote sita yakaondoka. Kila lililoondoka liliniongezea hasira, na kila hasira iliniongezea pumzi ya kupuliza. Mzee hakuwa amepuliza filimbi yake hata mara moja. Mwisho akanishika mkono akaniambia, "Kijana, hiyo sauti wameisikia kutoka Minnesota mpaka hapa. Kila walipoitikia, mwenzao mmoja alikufa. Wewe ungeitikia?"

Maneno yale yalinirudisha juu ya dungu. Nililiona debe, nikaiona sanamu yenye shati la babu na ndege waliotulia mabegani mwake. Nilikuwa nawapigia bata debe lisilo na meno kwa wiki nane, na tofauti ilikuwa moja tu: kwelea walijifunza kwamba kelele yangu haina hatari, bata walijifunza kwamba ndiyo hatari yenyewe.

Tuliporudi kwenye gari mzee alinisimulia habari ya bata dume mmoja wa aina hii hii ya mallard. Watafiti walimvisha pete mguuni huko Louisiana mwaka 1981. Aliuawa hapa Arkansas mwaka 2008, akiwa na umri usiopungua miaka 27 na miezi saba, mkongwe kuliko mallard wote wanaojulikana. Nilipiga hesabu. Bata yule alipita juu ya bunduki za bonde la Mississippi, kwenda na kurudi, zaidi ya misimu 25. Ni bata bandia wangapi aliowatazama akawakataa? Ni filimbi ngapi alizosikia? Tangu siku ile nimeacha kumwita ndege "mjinga" hata kwa mazoea ya mdomo. Bata wa Januari ni mhitimu. Wajinga wameshaondolewa, na waliobaki wanajua mitaala yetu yote.

Kesho yake mzee aliniambia niache bunduki nyumbani. Tulichukua darubini na chupa ya chai, tukakaa ndani ya gari kando ya barabara ya shamba tangu giza hadi saa sita mchana. Sijawahi kujifunza mengi kiasi kile kwa asubuhi moja.

Niliona kwanza kwamba alfajiri, saa ambayo wawindaji wote wamejificha, bata wengi walikuwa wanarudi. Walikuwa wamekula usiku kucha, wakati hakuna anayeruhusiwa kupiga bunduki, na asubuhi walipita juu sana kwenda kulala. Walianza kushuka tena kiasi cha saa nne, jua lilipoyeyusha barafu ya pembeni. Na hawakushuka katika mashamba makubwa yenye maji wazi. Walishuka kwenye kidimbwi kidogo, ukingoni mwa msitu uliofurika, mahali ambapo hapakuwa na maficho ya mtu yeyote.

La pili nililoliona ni kwamba walikuja wawili wawili, watatu watatu. Mpaka Januari majike mengi yameshapata madume yao, na jozi haitaki mkutano wa hadhara. Kidimbwini palikuwa na bata kumi na mmoja, kila jozi kwa nafasi yake. Kumbe dazeni zangu nne, zilizopangwa umbo lile lile kila siku, zilikuwa zinawatangazia bata kwamba hapa pana watu. Waswahili husema vyaelea vimeundwa. Bata wa Januari analijua hilo kuliko sisi: akiona vitu vinaelea, huuliza kwanza nani kaviunda.

La tatu, na ndilo lililonitikisa zaidi, ni ukimya. Nilishusha kioo cha dirisha nikategesha sikio. Jike moja lilitoa sauti mbili, likanyamaza dakika kumi. Madume hayalii kwa kelele. Sauti yao ni ya chini, ya puani, kama mtu anayeguna. Kwa nusu saa nzima sikusikia hata robo ya kelele niliyopiga mimi kwa dakika tano. Lakini maji hayakutulia hata kidogo. Kila bata alikuwa anachokora, anazamisha kichwa, anajikung'uta, na mawimbi madogo yalisambaa mpaka kwenye nyasi. Bata bandia wangu walikuwa wanapiga kelele juu ya maji yaliyolala kama kioo. Halisi walikuwa kimya juu ya maji yanayocheza. Nilikuwa nimepindua kila kitu.

Tulirudi kwenye kidimbwi kile siku ya nne, na mpango mpya. Tuliacha bata bandia wengi stoo, tukabeba sita tu, tukawapanga jozi tatu zilizoachana. Tulifuta sakitu migongoni mwao, maana bata halisi hagandi mgongo. Bata wa betri alibaki nyumbani. Badala yake mzee alifunga kamba nyembamba chini ya bata watatu, akaipitisha kwenye kigingi, akanipa ncha yake. Nilipoivuta, bata watatu walitikisika na maji yakacheza. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu ilikuwa kamba yangu ya makopo ya Usangu, ila safari hii haikutoa mlio.

Katika kujificha, mzee alikuwa mkali. Maficho ya Novemba yalijengwa kwa matete ya kijani, na matete yale sasa yalikuwa meupe, yamenyong'onyea, na nyasi za pembeni zimelala. Kibanda chetu kule shambani kilisimama peke yake kama kaburi jipya. Hatukukitumia. Tuliketi chini, migongo kwenye mashina ya miti, tumejifunika nyasi tulizozikata mbali na pale. Aliniagiza niokote maganda yote ya risasi, nifute nyayo zetu kwenye tope, nisiinue uso. Uso wa mtu ukiinuka huwaka kama sahani juani, na macho ya bata yako pembeni mwa kichwa; huona mbele, juu, na karibu nyuma yote kwa wakati mmoja. "Usimwangalie akizunguka," aliniambia. "Msikilize. Akiwa tayari utamwona bila kumtafuta."

Kuhusu filimbi alinipa sharti moja: nipulize tu pale bata wanaponipa mkia, yaani wanapoanza kuondoka, na nipulize mara mbili au tatu kwa sauti ya chini, kisha ninyamaze. Wakiwa wananielekea, kazi yangu ni kamba. Hapo nikauelewa usemi ambao nilikuwa nauona wa kwenye khanga tu, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Saa nne na robo walikuja watatu, madume wawili na jike. Walizunguka mara moja. Nikavuta kamba. Walizunguka mara ya pili, chini ya vilele vya miti. Jike likatoa sauti moja, nami sikujibu. Kisha wakageukia upepo, mabawa yakapinda kama vikombe, miguu ya rangi ya chungwa ikashuka, na wakawa mbele yetu hatua ishirini. Mzee alipiga dume moja, mimi nikapiga la pili. Jike tuliliacha liende. Asubuhi nzima tulipata bata wanne kwa watu wawili, na sijawahi kufurahia mavuno makubwa ya Novemba kama nilivyofurahia hao wanne.

Naandika haya si kwa sababu ya ushindi ule tu. Kuna asubuhi nyingine ambayo lazima niisimulie, kwa kuwa bila hiyo somo langu ni nusu.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya msimu wa nne. Nilikuwa peke yangu, na kwa siku tatu sikuwa nimegusa hata unyoya. Jozi moja ilizunguka juu yangu mara tano bila kushuka. Mara ya sita ilipita mbali, kama mita 50. Nilijua ni mbali. Marisau ya chuma ni mepesi kuliko yale ya zamani, hupoteza nguvu upesi, na mzee alishanikataza kupiga zaidi ya mita 35. Lakini uchu ulinishinda. Nikapiga. Jike likayumba, likashusha bawa moja, likatelemka taratibu hadi likaangukia ndani ya vichaka vya maji upande wa pili. Nilimtafuta kwa zaidi ya saa mbili, maji yakinifika kifuani, mpaka vidole vikakosa hisia. Sikumpata. Dume alizunguka juu ya vichaka vile mara nyingi, akaita kwa ile sauti yake ya chini, kisha akaondoka peke yake.

Nilimhesabu yule jike katika idadi yangu ya siku ile, kama dhamiri inavyotaka, nikafunga vitu vyangu. Usiku nilimpigia mama simu. Sikumficha. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, ulipokuwa dunguni uliamia ndege kwa njaa ya nyumba nzima, na hata hivyo hukurusha jiwe la teo pasipofika. Sasa una friji imejaa, unarushia mbali kwa njaa gani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Tangu hapo nina kanuni mbili nisizozivunja. Ya kwanza, sipigi mpaka nione miguu imeshuka. Bata ambaye hajashusha miguu hajaniamini, na ndege asiyeniamini simdai. Ya pili, Januari sipigi jike. Sheria ya eneo letu inaruhusu mallard wanne kwa siku, majike yasizidi mawili. Mimi najiwekea sifuri. Jike la Januari limeshachagua dume lake, na likifika salama kaskazini litajenga kiota. Sensa ya majira ya kuchipua ya mwaka 2023 ilikadiria mallard milioni 6.1 katika maeneo yanayohesabiwa kila mwaka huko Amerika Kaskazini, chini ya wastani wa miaka mingi. Ukame katika zile nyanda za vidimbwi una sehemu yake katika hali hiyo, na mimi siwezi kuleta mvua Dakota. Lakini naweza kuliacha jike lipite.

Kipo kitu kingine ambacho wawindaji wengi hawataki kukisikia: mbinu bora ya mwisho wa msimu ni kukaa nyumbani. Mahali pakipigwa risasi kila siku, bata hupahama au hupageuza pa usiku. Mimi na mzee tuliamua kukiwinda kile kidimbwi mara moja kwa wiki, na kila mara tuliondoka kabla ya saa sita mchana, hata kama hatujapata kitu, ili ndege warudi na kupumzika bila kusumbuliwa. Katika misitu ya umma kama Bayou Meto, ambako watu huwinda wakiwa wamesimama ndani ya maji katikati ya mialoni, utaratibu wa kusimamisha uwindaji wa bata saa sita mchana umekuwapo kwa miaka mingi. Mwanzoni niliuona kama adhabu. Sasa najua ndio unaofanya bata wawepo kesho.

Msitu huo wa maji nao ulinifunza jambo. Pale hakuna haja ya mzigo wa bata bandia. Unasimama umejibanza kwenye shina, upande wa kivuli, na ndege wakipita juu unatikisa maji kwa mguu wako. Viduara vya maji vinasambaa kati ya miti, na bata huko juu anaona kile kile nilichokiona kwa darubini: maji yanayocheza, mahali penye kimya. Mguu mmoja umefanya kazi ya dazeni nne. Wahenga walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Zamani nilidhani methali hiyo inamcheka ndege. Sasa nadhani inamfundisha mtegaji: tundu bovu halina makeke, halijitangazi, na ndege hajajifunza kuliogopa.

Mzee alifariki miaka michache iliyopita, mwezi Machi, wakati bata wanaporudi kaskazini. Watoto wake walinipa filimbi yake ya mbao. Inapulizika vizuri sana, na ni nadra mimi kuipuliza. Huwa naivaa shingoni nikivuta kamba.

Januari iliyopita nilikwenda mara nne tu. Siku ya mwisho, madume wawili walishusha miguu mbele yangu, nikachukua mmoja, nikafungua bunduki, nikakaa kumtazama mwenzake akizunguka na kuondoka. Jioni nilimpika yule bata kwa tui la nazi na kitunguu kingi, nikala na wali pamoja na wanangu. Niliwaambia alikotoka, safari aliyoifanya, na jinsi alivyokuwa karibu kunikataa. Mwanangu mdogo aliuliza kwa nini sikumpiga na yule wa pili. Nikamsimulia habari ya dungu, debe na nyanya yake.

Kwako wewe unayewinda, iwe katika maji ya Mississippi au mahali pengine popote panapoingia ndege wahamao: msimu ukifika ukingoni na ndege wakaanza kukukataa, usiongeze bata bandia, usiongeze pumzi katika filimbi, wala usiongeze urefu wa shabaha. Acha bunduki nyumbani siku moja, nenda ukakae ukawatazame. Watakuonyesha wanakotua, saa wanayotua, na sauti wanayotumia. Kisha punguza kila ulicho nacho mpaka kifanane na ulichokiona. Na wakishakupita, waache waende. Wale waliofika Januari wakiwa hai ndio watakaotaga mwezi Aprili na Mei.